Buluu ya Badakhshan: Pesa Yako Inalipia Nini Unaponunua Lapisi

Weka mezani vitu viwili. Cha kwanza ni uzi wa shanga za lapisi lazuli wenye urefu wa sentimita 40, kila shanga kipenyo cha milimita 8, bei shilingi 70,000. Cha pili ni kito kimoja cha kidani, karati 12, bei shilingi 48,000. Bei hizi ni za mfano tu, lakini namna zilivyotajwa ndiyo utakayoikuta dukani: huyu anakuhesabia kwa uzi, yule kwa karati, na wa tatu anauza kwa kipande bila kutaja uzito wowote. Mnunuzi mwenye haraka ataona kidani ndicho rahisi. Hebu tupige hesabu. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo kito kile kina gramu 2.4, na kila gramu inakugharimu shilingi 20,000. Uzi wa vipimo hivyo una shanga kama 50 na uzito wa gramu 35 hivi, yaani shilingi 2,000 kwa gramu. Jina la jiwe ni lile lile, na bei zimepishana mara kumi.

Tofauti hiyo yaweza kuwa ya haki kabisa, na yaweza kuwa wizi, tena kwa upande wowote kati ya pande hizo mbili. Kipande kimoja chenye rangi moja tupu kutoka ukingo hadi ukingo ni adimu kuliko shanga 50 zilizochongwa kwenye mabaki ya mawe, na fundi aliyekikata amepoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi ili azipate gramu zile 2.4. Hapo bei ya juu ina sababu. Lakini ule uzi wa bei nafuu unaweza ukawa hauna hata chembe ya lapisi, na hapo shilingi 70,000 ni ghali mno. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mnunuzi wa jiwe hili aanze na mizani, aombe bei kwa gramu, kisha ndipo aingie katika habari za uzuri.

Lapisi si madini ya aina moja kama almasi. Ni mwamba, mchanganyiko wa madini kadhaa yaliyokaa pamoja. Buluu hutoka kwenye lazuraiti, na ndani ya lazuraiti rangi huletwa na salfa: atomi tatu za salfa zilizoshikana na kufungiwa ndani ya fuwele. Weupe unaouona ni kalsaiti. Vimeta vya rangi ya dhahabu ni pairaiti, muungano wa chuma na salfa, na thamani yake peke yake ni ndogo. Ukishaelewa hivyo, bei nyingi zinajieleza: unalipia lazuraiti, na kila kalsaiti inapochukua nafasi, bei inapaswa kushuka.

Daraja la juu ni buluu iliyokolea, inayoelekea kidogo zambarau, isiyo na mabaka wala mishipa myeupe. Kuhusu pairaiti, wafanyabiashara hawaafikiani. Wapo wanaotaka jiwe lisilo na kimeta hata kimoja, na wapo wanaolipa zaidi kwa vimeta vidogo vilivyotawanyika kama nyota. Mimi niko upande wa vimeta vichache, kwa sababu ya uzuri wake na kwa sababu vinasaidia kulitambua jiwe, jambo nitakalolieleza hapa chini. Vikizidi, buluu hufifia na kuwa ya kijani-kijani, na hapo usikubali kuambiwa kwamba “dhahabu” nyingi ndiyo ubora. Mshipa mweupe nao unashusha bei haraka kuliko karibu kasoro nyingine yoyote. Kwa mwenye bajeti ndogo hii ni nafasi nzuri: jiwe lenye mshipa mmoja mweupe uliokatiza vizuri huweza kupendeza sana kwenye kidani, ni lapisi halali, na hukugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya lile lisilo na doa.

Asili ya jiwe nayo ina bei yake. Migodi ya Sar-i Sang, katika bonde la mto Kokcha, jimbo la Badakhshan kaskazini-mashariki mwa Afghanistan, imechimbwa kwa zaidi ya miaka 6,000, na hadi leo ndiko kunakotoka lapisi inayotumika kupimia nyingine zote. Marco Polo aliitaja katika karne ya 13. Mwingereza John Wood alifika huko katika miaka ya 1830, akaeleza jinsi wachimbaji walivyowasha moto chini ya mwamba kisha wakaupiga kwa nyundo ili umeguke. Alikuta pia madaraja matatu ya rangi wanayoyatumia wenyeji: nili iliyokolea, buluu ya mbingu, na ile ya kijani. Moto na nyundo vilikuwa vya taratibu. Baadaye wachimbaji walianza kutumia baruti, na baruti hupasua mwamba pamoja na kito kilichomo. Jiwe hutoka likiwa na nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni, na nyufa hizo hujazwa nta, mafuta au gundi ya plastiki kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo hata jiwe la kweli kutoka Badakhshan linaweza kuwa limefanyiwa kazi. Si kosa, ilimradi usemwe ukweli na bei iendane nao.

Chile wanachimba lapisi kwenye milima ya Andes, juu ya mita 3,000, katika mkoa wa Coquimbo. Wanaipenda kiasi cha kuitangaza kuwa jiwe la taifa mwaka 1984. Kwa kawaida lapisi ya Chile ina kalsaiti nyingi zaidi na buluu yake ni nyepesi, hivyo huuzwa kwa bei ya chini. Iko pia ya Urusi, karibu na Ziwa Baikal. Wauzaji wengi hutamka “Afghanistan” kwa kila kipande cheusi-buluu walicho nacho, maana neno hilo linapandisha bei. Jiwe lililokwisha kukatwa na kung'arishwa ni vigumu kuthibitisha limetoka mlima gani kwa macho matupu. Ushauri wangu ni kulipia rangi unayoiona, si jina la nchi unalosikia.

Mbadala wa lapisi si jambo la jana. Makaburi ya kifalme ya Ur, kusini mwa Iraki, yaliyofukuliwa na Leonard Woolley katika miaka ya 1920 na 1930, yalijaa shanga na nakshi za lapisi zenye umri wa miaka 4,500 hivi, na jiwe hilo lilikuwa limesafiri zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Badakhshan. Bidhaa inayotoka mbali hivyo haiwatoshi wote wanaoitaka, na mafundi wa Misri walijua kutengeneza buluu yao kwa mchanga, chokaa na shaba. Tazama barakoa ya dhahabu ya Farao Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunguliwa na Howard Carter mwaka 1922. Nyusi zake na wanja unaozunguka macho ni lapisi. Ile mistari mipana ya buluu kwenye kilemba ni kioo. Mfalme mwenye barakoa ya kilo 10 za dhahabu alivikwa jiwe halisi usoni, na kioo kwenye sehemu kubwa ya kichwa. Kwangu huo ni mpango wa matumizi wa kuigwa: jiwe la kweli liwekwe pale jicho linapotua, na pengine pote kiwekwe kitu kingine cha heshima, kinachoitwa kwa jina lake.

Wachoraji wa Ulaya nao walisaga lapisi kupata rangi ya ultramarini. Kazi ilikuwa ngumu: unga wa jiwe ulikandwa na nta na utomvu, kisha ukaminywa ndani ya maji ya majivu hadi buluu itoke, na kilichopatikana kilikuwa kidogo na ghali mno. Mwaka 1824 jumuiya ya kukuza viwanda ya Ufaransa ilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei nafuu. Jean-Baptiste Guimet aliipata mwaka 1828. Rangi aliyoitengeneza kwa udongo, soda na salfa ina buluu ile ile ya lazuraiti, na bei yake iliporomoka hadi ikaingia kila nyumba. Ile buluu ya kufulia ambayo mama zetu waliichovya kwenye maji ya mwisho ili kanzu na mashuka yatoke meupe ni ultramarini ya kiwandani. Unga ulipatikana kwa bei ya chini. Kito chenyewe, kipande kigumu kinachong'arika, kiliendelea kutoka mlimani, na ndiyo sababu bado tunapaswa kuwa macho tunapokinunua.

Sasa tuje kwenye vinavyouzwa leo kwa jina la lapisi. Kinachosumbua zaidi ni haulaiti na magnesaiti, mawe meupe yenye vinyweleo yanayokunywa rangi vizuri. Yakichovywa buluu na kung'arishwa, huvutia hasa kwenye shanga. Kuna yaspi iliyotiwa rangi, ambayo tangu zamani imeuzwa Ulaya kwa jina la “lapisi ya Uswisi” au “lapisi ya Ujerumani”. Kuna unga na vipande vya lapisi vilivyogandishwa kwa gundi, ambavyo muuzaji ataapa ni lapisi naye hatakuwa mwongo kamili, ingawa anachokupa si jiwe tena. Kuna kioo, kuna plastiki. Kisha kuna sodalaiti, ambayo naitetea. Ni jiwe la asili, moja ya madini yanayoweza kupatikana ndani ya lapisi yenyewe, linachimbwa Namibia, Brazil na Kanada, na buluu yake haijatiwa na mtu. Huwa na mishipa myeupe na mara chache sana pairaiti. Mtu akikuuzia sodalaiti kwa jina la sodalaiti, kwa bei ya chini ya lapisi, amekutendea haki, na utakuwa na mkufu mzuri wa kuvaa mchana.

Njia ya kutofautisha isiyoharibu chochote ni maji. Utahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi au ya mia ya gramu, kikombe cha maji na uzi mwembamba. Pima jiwe likiwa kavu, uandike uzito. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 8.4 likionyesha 3.0 ndani ya maji, jibu ni 2.8, na hapo uko ndani ya lapisi, ambayo huangukia kati ya 2.7 na 2.9. Sodalaiti hutoa 2.2 au 2.3. Haulaiti ni 2.5 hadi 2.6. Plastiki iko chini kabisa, mara nyingi chini ya 1.6. Pale kwenye namba zinazokaribiana, kama haulaiti, yaspi na lapisi yenye kalsaiti nyingi, au jiwe likiwa dogo mno kwa mizani yako, kipimo hiki hakitoshi peke yake. Wala hakifai kwa kito kilichokwisha kuvishwa fedha, maana utakuwa umepima na fedha.

Hapo ndipo lenzi ya sonara inapofanya kazi. Angalia tundu la shanga kwanza. Ndani yake pakiwa peupe, au rangi ikiwa imejikusanya kwenye nyufa kuliko kwingine, jiwe limechovywa. Kisha tafuta pairaiti. Ya kweli ina kingo kali na maumbo yasiyolingana, baadhi ya vimeta vimejikusanya upande mmoja, vingine vimezama chini ya uso. Vya bandia husambaa kwa usawa mno, kana kwamba vimenyunyizwa. Ikiwa muuzaji ameridhia, chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, uiguse sehemu isiyoonekana. Pamba ikitoka buluu, unajua umeshika nini. Muuzaji akikataa usikasirike, mali ni yake. Lakini usilipe bei ya jiwe lisilotiwa rangi.

Vipimo vya asidi na sindano ya moto, ambavyo utaelekezwa na wengi, viache. Ni kweli kwamba lapisi ikiguswa na asidi kali hutoa harufu ya yai viza, kwa sababu ya ile salfa. Ni kweli pia kwamba utabaki na jiwe lenye kidonda.

Udhaifu huo unapaswa kuamua ununue pambo gani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs lapisi ina 5 hadi 5.5. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwatzi, ambayo ni 7, kwa hiyo hata kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, siku baada ya siku, kunaondoa mng'ao. Ndimu, siki, jasho, marashi na maji ya bwawa la kuogelea lenye klorini vyote ni adui zake. Mwanamke anayekamua ndimu kila siku jikoni, au fundi anayefanya kazi kwa mikono, asivae pete ya lapisi kila siku, awe amelipa kiasi gani. Katika miaka michache uso utakuwa mkavu, na gharama ya kumrudishia sonara aivue, aing'arishe na kuivisha upya inaweza kukaribia bei ya kito chenyewe. Hereni na kidani havigongwi hivyo. Pesa ile ile ukiiweka kwenye kidani itadumu mara nyingi zaidi kuliko kwenye pete, na huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote unaohusu lapisi, mkubwa hata kuliko Afghanistan au Chile.

Ukitaka pete ya kila siku, na hasa pete ya kiume ya fedha, akiki ina ugumu wa 6.5 hadi 7, ni rahisi, na inabeba miaka ya kuvaliwa bila kulalamika. Kama ni lazima iwe buluu, angalia nyumbani. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ina ugumu wa 6 hadi 7. Ni ngumu kuliko lapisi lakini inaogopa kugongwa, na bei yake ni ya dunia nyingine: nzuri hufika mamia ya dola kwa karati moja. Yakuti ya buluu, ambayo Tanzania na Kenya zote mbili zinayo, ina ugumu wa 9. Hiyo ndiyo ya pete ya ndoa, kwa anayeweza kuimudu, kwani iliyo safi na yenye rangi kali hupanda hadi maelfu ya dola kwa karati. Lapisi, hata iliyo bora, kwa kawaida huhesabiwa kwa dola chache kwa karati na mara chache kufika makumi. Kwa hiyo anayekuambia lapisi ni “akiba” itakayopanda kama tanzanaiti anakupotosha. Nunua lapisi kwa kuipenda.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Shirika la Global Witness lilichapisha mwaka 2016 ripoti ya uchunguzi iliyoonyesha jinsi fedha za migodi ya Badakhshan zilivyokuwa zikiingia mikononi mwa makundi yenye silaha, Taliban wakiwemo, wakati watu wa jimbo hilo wakibaki maskini. Miongo miwili kabla, mapato ya lapisi na zumaridi yalimsaidia kamanda Ahmad Shah Massoud kugharimia vita vyake katika bonde la Panjshir. Tangu Agosti 2021 Taliban ndio wanaoitawala nchi nzima. Sisemi usinunue jiwe la Afghanistan, maana mchimbaji anayelibeba mgongoni naye ana watoto. Nasema muulize muuzaji amelinunua kwa nani, na kama jambo hili linakukera, lapisi ya Chile ipo, buluu yake nyepesi ina mvuto wake, na mfuko wako utapata nafuu pia.

Kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, mimi ningegawa pesa hivi. Sehemu kubwa iende kwenye kito kimoja cha lapisi, gramu mbili au tatu, rangi iliyokolea, vimeta vichache, kwa ajili ya kidani. Sonara akizungushie ukingo wa fedha pande zote badala ya kukishika kwa kucha nne, kwa sababu jiwe hili hupasuka kwenye ncha, na ukingo mzima hulikinga vizuri zaidi. Fedha iwe na muhuri wa 925. Shanga za mkufu ziwe za sodalaiti au kioo, nawe ujue hivyo. Peleka mizani yako, au mwombe sonara atumie yake mbele yako kabla fedha haijazungushwa, maana baada ya hapo huwezi tena kujua unanunua gramu ngapi za jiwe na ngapi za madini mengine.

Risiti nayo iandikwe kwa maneno kamili: lapisi lazuli ya asili, uzito wa jiwe kwa gramu au karati, imetiwa rangi au haikutiwa, imejazwa gundi au haikujazwa. Kwa kito cha bei ndogo hakuna haja ya cheti cha maabara, ambacho chaweza kugharimu zaidi ya jiwe. Kwa kipande kikubwa, au ukinunua kwa kilo ili uuze, kipimo cha mtaalamu wa vito kinalipa, na mjini Arusha wapo wanaoifanya kazi hiyo. Muuzaji anayesita kuandika maneno “haikutiwa rangi” kwenye karatasi yenye jina la duka lake, mrudishie jiwe lake kwa upole, uende duka linalofuata.